Nuru Mpya katika Chombo cha Zamani

Msowero, kata iliyo kando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini, katika nchi ya mpunga, mahindi na ufuta, si mahali ambapo mashine za gemu hununuliwa siku zinapozinduliwa. Mashine hufika huku baada ya miaka, ikiwa imekwisha kupita katika mikono ya mtu mmoja au wawili, aghalabu kwa njia ya Kariakoo na Morogoro mjini. Na ikisha kufika hudumu, kwa kuwa fundi husafisha feni yake, hubadili lenzi ya kusomea diski, huunga waya wa pedi uliokatika, na mwenye banda la gemu huendelea kuitumikisha hata baada ya mtengenezaji wake kuisahau. Kwa sababu hiyo, jambo ambalo huko Japani na Marekani lilizungumzwa mwaka 2016 kama habari ya ufundi na ya biashara, yaani kuziongezea uwezo wa kuonyesha nuru pana, ijulikanayo kwa herufi HDR, mashine zilizokwisha kuuzwa, likitazamwa kutoka Msowero hubadilika sura. Chombo kipya huwanufaisha wale wawezao kukinunua kikiwa kipya. Walakini uwezo mpya ukitiwa katika chombo cha zamani husafiri pamoja nacho popote kiendapo, hata kikafika mwisho wa safari yake kwa mtu ambaye mtengenezaji hakupata kumfikiria. Ninalokusudia kulipima hapa ni kadiri ambayo nuru hii inaweza kuongezwa katika mashine zilizopo, nani aliyeiongeza na nani aliyekataa kuiongeza, na kitu gani huizuia isifike machoni pa mtazamaji hata pale ilipokwisha kutolewa.

Mtu aliyesimama chini ya mwembe saa saba mchana huona bila taabu majani yaliyo kivulini na wingu jeupe lililo juani kwa wakati mmoja. Televisheni haikupata kuwa na uwezo huo. Kanuni zilizoongoza utengenezaji wa picha zake zilirithiwa kutoka zama za televisheni za chogo, nazo zilichukulia kwamba sehemu nyeupe kabisa ya picha ina mng'ao wa takriban niti 100, niti moja ikiwa ni mwanga wa kandela moja katika eneo la mita moja ya mraba. Na kila rangi katika zile tatu za asili, nyekundu, kijani na buluu, iligawanywa katika daraja 256 tu, zilizozaa kwa jumla rangi milioni 16.7 hivi. Mwaka 2014 jumuiya ya wahandisi wa sinema na televisheni ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi SMPTE, ilipitisha kanuni mpya iliyotokana na kazi ya maabara ya Dolby, ambayo iliweka ukomo wa juu wa mng'ao katika niti 10,000, na ambayo ikitumiwa kwa biti kumi, kama zinavyofanya televisheni nyingi zinazoandikwa HDR katika makasha yao, huigawanya kila rangi katika daraja 1,024, zikapatikana rangi bilioni moja na ushei. Tarakimu hizi hazina maana mpaka zitazamwe katika picha yenyewe. Kila kijana aliyepata kucheza gemu ya mpira anaujua uwanja ambao nusu yake imepigwa na jua la alasiri na nusu imefunikwa na kivuli cha paa la jukwaa: katika picha ya kale ama upande wa jua hugeuka weupe mtupu usioonyesha majani, ama upande wa kivuli hugeuka giza ambalo jezi ya buluu iliyoiva na jezi nyeusi hazitofautiani. Katika picha ya nuru pana pande zote mbili husalimika, na mpira unapovuka mpaka wa jua na kivuli jicho huendelea kuufuata.

Sasa kuna jambo ambalo lisipofahamika, habari yote iliyobaki haieleweki: mashine za gemu zilikuwa na nuru hiyo ndani yake miaka mingi kabla ya televisheni kuweza kuionyesha. Tangu katikati ya miaka ya 2000 waundaji wa gemu walikwisha kuacha kuhesabu mwanga kwa daraja chache za televisheni. Mwaka 2005 kampuni ya Valve ilitoa kipande cha gemu kiitwacho Half-Life 2: Lost Coast mahususi kwa kuonyesha hisabu hiyo mpya, ambamo jua, mshumaa na mng'ao wa maji ya bahari hupewa kila kimoja thamani yake katika tarakimu zenye nafasi kubwa. Lakini picha ilipokuwa tayari kutoka kwenda kwenye televisheni, ilibidi ibanwe irudi katika ule upeo wa kale, na hapo mashine ilifanya kama mwuza mpunga anayejaza debe hadi likafanya kilima, kisha akapitisha ufito juu ya ukingo, kilichozidi kikaanguka. Kilichoanguka kilikuwa ni mali halisi, iliyohesabiwa kwa jasho la mashine na kwa umeme wa mwenye mashine. Kwa hiyo anayeuliza kama inawezekana kuongeza nuru pana katika mashine iliyopo, kwa hakika anauliza kama inawezekana kuiacha mashine itoe kile ilichokwisha kukihesabu.

Jibu lilitolewa Septemba 2016. Tarehe 7 ya mwezi huo, katika mkutano uliofanywa New York, Andrew House, aliyekuwa mkuu wa tawi la Sony lisimamialo PlayStation, alitangaza kwamba PlayStation 4 zote, hata ile ya kwanza kabisa iliyouzwa Novemba 2013, zingepata uwezo wa HDR kwa njia ya programu ya mfumo. Na tarehe 13 programu hiyo, toleo la 4.00, ilitolewa bila malipo kwa kila mwenye mashine. Kufikia Mei ya mwaka huo PlayStation 4 zilizokwisha kuuzwa kwa watu duniani zilikuwa zimepita milioni 40. Mkutano ule ule ulikuwa wa kuitangaza mashine mpya na ya bei kubwa zaidi, PlayStation 4 Pro, iliyoingia madukani Novemba 10, na mfanyabiashara mwenye roho nyembamba angeweza kabisa kuizuia nuru hiyo iwe sifa ya mashine mpya peke yake. Sony haikuizuia. Mimi nalihesabu tendo hilo kuwa miongoni mwa matendo ya insafu yaliyofanywa katika biashara hii, na nalisema hivyo nikijua kwamba kampuni haifanyi jambo bila kutazama faida yake.

Iliwezekanaje? Watu wengi huamini kwamba tundu la HDMI la mashine ya 2013 halikuwa na uwezo, na kwamba nuru pana na picha ya 4K ni kitu kimoja kisichotengana. Imani zote mbili zina kasoro. Kanuni ya HDMI ya mwaka 2006, toleo 1.3, ilikwisha kuruhusu rangi za biti kumi na zaidi. Toleo 1.4 linapitisha hadi gigabiti 10.2 kwa sekunde, hali picha ya mistari 1,080 inayobadilika mara 60 kwa sekunde, kwa biti kumi za kila rangi, haihitaji zaidi ya gigabiti 5.6 hivi, nafasi imebaki. Kilichokuwa hakipo ni kifurushi kidogo cha maelezo kinachotangulizwa kwa televisheni kuijulisha kwamba picha ijayo imepimwa kwa kanuni mpya na kwamba mng'ao wake wa juu ni kiasi kadha, maelezo ambayo yaliingizwa rasmi katika HDMI kwa toleo 2.0a mwezi wa Aprili 2015. Kifurushi hicho ni kidogo mno, na maadamu kifaa kinachotuma picha kinakubali kufundishwa kukiandika, programu yatosha. Ndivyo PlayStation 4 ya kawaida, isiyoweza kutoa gemu kwa 4K, ilivyoweza kutoa nuru pana kwa picha yake ile ile ya mistari 1,080.

Microsoft ilishika njia nyingine: nuru pana iliwekwa katika Xbox One S, iliyoanza kuuzwa Agosti 2016, na wenye Xbox One ya 2013 wakabaki kama walivyokuwa. Hata Sony yenyewe haikurudi nyuma kuitazama PlayStation 3, ingawa mashine hiyo ilizaliwa 2006 ikiwa na tundu la HDMI 1.3. Na ilipotoka miwani yake ya kutazamia gemu, Oktoba 2016, kijisanduku kilichokaa kati ya mashine na televisheni hakikupitisha nuru pana, hata mwenye vyote viwili akalazimika kuchomoa waya na kuchomeka upya kila alipotaka kubadili; kosa hilo lilirekebishwa katika toleo lililotangazwa mwaka uliofuata. Nalitaja kwa sababu ndiyo tabia ya jambo hili lote: picha hupita katika vyombo kadha mfululizo, na kimoja kisichokubali chatosha kuvibatilisha vyote.

Programu ya mfumo peke yake haikutosha. Kila gemu ilipaswa kufunguliwa na waundaji wake ili ule ubanaji wa mwisho uandikwe upya, kwa kuwa sasa kuna jua linaloruhusiwa kung'aa na kuna maandishi ya matokeo na ramani ya pembeni ambayo yakiachwa yang'ae kama jua yatamuumiza mchezaji macho. Sony ilianza na gemu zake, The Last of Us Remastered na Uncharted 4 zikiwa miongoni mwa za kwanza. Na gemu kadha zilizotungwa baadaye, kama Horizon Zero Dawn ya mwaka 2017, zilizaliwa na nuru hiyo. Gemu zilizokwisha kutoka ambazo waundaji wake walikuwa wamehamia kazi nyingine, au makampuni yao yamevunjika, zilibaki nyuma, nazo ndizo nyingi.

Kwa gemu hizo zilizoachwa, Microsoft ilijirekebisha vizuri zaidi kuliko mwenzake. Katika Xbox Series X na Series S, zilizotoka Novemba 2020, iliweka utaratibu ambao mashine yenyewe, bila msaada wa mwundaji, huitazama picha ya gemu ya kale, hukisia ni sehemu zipi zilikuwa taa, jua au moto, kisha huzipandisha mng'ao. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza ilijaribiwa hata katika Fusion Frenzy, gemu ya mwaka 2001, iliyotungwa wakati ambapo hakuna televisheni ya nyumbani yenye uwezo huo. Ni hekima ya kusifiwa, lakini tuipime kwa haki. Utaratibu huo haurudishi kile kilichoanguka ukingoni. Wingu lililokwisha kugeuka weupe mtupu litang'aa zaidi, lakini mikunjo yake haitaonekana, kwa kuwa haimo katika picha. PlayStation 4 ya 2016 ilitoa nuru iliyohesabiwa. Xbox ya 2020 hutoa nuru iliyokisiwa. Anayechagua kati ya hizo mbili na achague ya kwanza, na asiye na uchaguzi aipokee ya pili kwa shukrani.

Hapa ndipo banda la gemu linapoingia katika hisabu. Katika vijiji na miji midogo ya wilaya ya Kilosa, kama kwingineko Tanzania, mashine iliyowafundisha vijana kushika pedi ilikuwa PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na iliyoendelea kutengenezwa hadi mwanzo wa 2013. Iliunganishwa na televisheni ya chogo kwa waya wenye vichwa vitatu, vya njano, vyeupe na vyekundu. Mashine hii haiwezi kuongezewa nuru pana kwa njia yoyote iliyo ya kweli, kwa kuwa hifadhi yake ya picha haibebi zaidi ya biti nane kwa kila rangi, na waya wake wa njano hupunguza hata hizo. Vijisanduku vinavyouzwa ili kuiunganisha PlayStation 2 na tundu la HDMI vina faida yake, maana televisheni bapa za siku hizi zinaanza kuacha tundu za waya tatu. Lakini vinachofanya ni kubadili njia ya kupitia tu, na muuzaji anayemwambia mteja kwamba picha itakuwa ya HDR amemdhulumu. Kwa hiyo katika kuuliza ni chombo gani cha zamani kinachofaa kuongezewa, jibu la haki ni kwamba mpaka umepita kati ya mashine zilizohesabu mwanga mpana na zile ambazo hazikupata kuuhesabu. Za kwanza zina madai juu ya watengenezaji wao, za pili ziachwe kwa heshima zifanye kazi yake.

Nchi yetu ina kumbukumbu yake ya mashauri ya namna hii, nayo ni kubwa kuliko gemu. Desemba 31, 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, kisha mji baada ya mji, na Tanzania ikawa ya kwanza katika Afrika Mashariki kuingia katika urushaji wa dijitali. Siku hiyo kila televisheni ya chogo ingaliweza kuwa takataka. Haikuwa hivyo, kwa sababu paliruhusiwa king'amuzi, kisanduku kilichopokea ishara mpya na kuitafsiri kwa chombo cha zamani. Palikuwa na manung'uniko mengi juu ya bei, na yalikuwa ya haki, lakini asili ya shauri lenyewe ilikuwa njema: chombo cha mwananchi kisitupwe kwa kuwa utaratibu umebadilika. Zanzibar, iliyoanzisha televisheni yake mapema katika miaka ya 1970, ilianza moja kwa moja na rangi, wakati ambapo Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994. Zanzibar iliweza kufanya hivyo kwa sababu hapakuwa na televisheni za nyeusi na nyeupe majumbani ambazo wenyewe wangelalamika. Anayeanza upya hana deni kwa vyombo vya zamani. Mtengenezaji wa mashine za gemu aliyekwisha kuuza mamilioni ana deni hilo, atake asitake.

Shirika la BBC la Uingereza na NHK la Japani walilifikiria deni hilo vizuri. Walitunga kanuni yao ya nuru pana, iitwayo HLG, ili matangazo yale yale ya televisheni yaonekane sawasawa katika televisheni ya kale na yaonekane kwa uzuri zaidi katika televisheni mpya, bila kurushwa mara mbili. Na Julai 2016 Shirikisho la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliipitisha kanuni hiyo pamoja na ile ya Dolby katika waraka mmoja. Mashine za gemu zilifuata ile ya Dolby, na uchaguzi huo una matokeo ambayo mtu wa Msowero atayaona kabla hajaambiwa.

Matokeo hayo yatokana na jambo hili: kanuni ya Dolby hutaja mng'ao kwa kiasi halisi. Ikisema niti 5, yataka niti 5, iwe usiku ndani ya chumba cha pazia nzito au mchana ndani ya banda la mabati lililoachwa mlango wazi ili upepo upite, kwa kuwa joto la huku halina huruma. Katika banda la namna hiyo, mwanga wa jua unaoangukia kioo cha televisheni huzidi kwa mbali zile niti chache ambazo zilibeba habari za kivulini, hata picha ya HDR ikaonekana ya giza kuliko ile ya kawaida, na vijana wakamwambia mwenye banda aizime. Wala hawakukosea. Televisheni ya kawaida ilimruhusu mtu kuongeza mwanga wa kioo mpaka ashibe; katika hali ya HDR televisheni nyingi hupandisha mwanga hadi mwisho zenyewe, na hapana ziada iliyobaki ya kuongezwa. Dawa yake ya kwanza ni pazia na kugeuza meza ya televisheni iupe mlango mgongo au ubavu, jambo lisilohitaji fundi wala fedha nyingi.

Kioo chenyewe ndicho penye udhaifu mkubwa kuliko wote. Mwezi wa Januari 2016 muungano wa makampuni uitwao UHD Alliance uliweka kipimo cha televisheni inayostahili kuitwa bora katika nuru pana: ama ifikie niti 1,000 na weusi wake usizidi niti 0.05, ama, kwa vioo vya OLED ambavyo kila pikseli hujiwakia yenyewe, ifikie niti 540 na weusi usizidi 0.0005. Kipimo hicho ni hiari. Televisheni za bei nafuu ambazo ndizo zifikazo kwenye maduka ya Kilosa na Dumila zikiwa na herufi HDR katika kasha, aghalabu hazivuki niti 250 au 300, na mwanga wake wa nyuma ni mmoja kwa kioo kizima, usioweza kupungua kwenye kivuli ukaongezeka kwenye jua. Televisheni hizo husema kweli katika jambo moja tu, kwamba hupokea ishara ya HDR. Baada ya kuipokea huibana tena, kwa ustadi mdogo kuliko ule wa mashine yenyewe. Hapo mchezaji hupata hasara maradufu: mashine imeacha kubana kwa sababu televisheni imejitangaza kuwa na uwezo, na televisheni imebana kwa sababu uwezo haina. Sony, Microsoft na watengenezaji wa televisheni walikaa katika kundi liitwalo HGIG wakatoa mwongozo ambao mashine humwuliza mchezaji kwanza, kwa picha za kupimia, kioo chake kinafika wapi, kisha gemu ikabana kwa kiasi hicho hasa. PlayStation 5 na Xbox za sasa zina ukurasa huo katika mipangilio yake. Mwenye banda asiupite kwa haraka. Dakika chache za kupima zina thamani kuliko kubadili waya wa HDMI kwa waya wa bei kubwa, ambao kwa picha ya mistari 1,080 hauongezi kitu chochote.

Kuhusu umeme sina mengi. Nguvu za maji za Kidatu, jirani na Mikumi, zilianza kufanya kazi 1975, na nyaya zake zikaelekea Morogoro na Dar es Salaam miaka mingi kabla vijiji vya wilaya hii havijapata taa. Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya 2005, ndio uliobadilisha hali hiyo kwa vijiji vingi. Nuru pana hula umeme zaidi pale picha inapong'aa, na Umoja wa Ulaya umelitambua hilo hata ukaamrisha, tangu Machi 2021, kwamba lebo ya televisheni ionyeshe matumizi ya umeme ya hali ya kawaida na ya HDR kila moja mbali. Kwa anayelipa kwa LUKU na kutoza wachezaji kwa mechi, hiyo ni habari ya mfukoni, lakini haimzuii mtu. Kinachozuia zaidi ni bando. Programu ya mfumo ya PlayStation 4 yaweza kupakuliwa mjini ikaletwa kijijini kwa flashi, na diski nyingi za gemu hubeba ndani yake toleo la programu linalohitajika, kwa hiyo hata mashine isiyopata kuonja intaneti huweza kujikuta imeongezewa. Marekebisho ya gemu moja moja hayana njia hiyo. Sharti yapakuliwe na PlayStation 4 kwa intaneti, na aghalabu ni gigabaiti kadha. Matokeo yake ni kwamba diski iliyochapishwa kabla ya Septemba 2016 itabaki na picha ya kale katika banda lisilo na intaneti, hali nakala ya gemu iliyotungwa baadaye ikiwa na nuru pana itaionyesha katika mashine hiyo hiyo. Laiti Sony ingaliruhusu marekebisho hayo yabebwe kwa flashi kama ilivyoruhusu programu ya mfumo, ukarimu wake wa 2016 ungalifika hadi huku ukiwa kamili.

Yupo atakayesema kwamba mashauri yote haya ni ya anasa, na kwamba kijana wa Msowero anataka kushinda mechi, hatazami mikunjo ya wingu. Sehemu ya kauli hiyo ni kweli na yapasa iheshimiwe. Televisheni kadha zikiingia katika hali ya HDR huongeza kazi ya kuirekebisha picha, na kazi hiyo huchelewesha picha nyuma ya kidole. Mpigaji wa penalti huona mguu wa mchezaji wake ukichelewa, na hapo hapana uzuri wa rangi utakaomridhisha. Ndiyo sababu hali ya gemu katika mipangilio ya televisheni iwashwe kwanza, na kama televisheni haiwezi hali ya gemu na HDR kwa pamoja, HDR na izimwe bila majuto. Lakini kauli iliyobaki siikubali. Kijana aliyezaliwa katika nchi yenye jua kama hili la Kilosa, ambaye huamka akaliona likitoka nyuma ya mashamba na kulala akiliona likitua nyuma ya milima ya Ukaguru, anajua mwanga kuliko mtu aliyekulia katika mawingu ya London, na hana upungufu wa jicho unaomfanya asistahili picha njema. Upungufu ulio naye ni wa mfuko, na mfuko mdogo ndio hasa unaostahili chombo kinachodumu na kuongezewa.

Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa 1975, limepewa na sheria kazi ya kuweka viwango vya bidhaa, na Tume ya Ushindani ina wajibu wa kumlinda mlaji na madai ya uongo sokoni. Lingekuwa jambo jepesi, lisilohitaji maabara ya anasa, kuamuru kwamba kila televisheni iandikwayo HDR katika kasha lake ionyeshe, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa, mambo matatu: niti inazofikia, kama mwanga wa nyuma ni mmoja au umegawanywa, na ucheleweshaji wa picha katika hali ya gemu. Kipimo cha niti ni chombo kidogo kinachoshikwa kwa mkono. Mnunuzi anayetoka Msowero kwa basi hadi Morogoro mjini kununua televisheni, akiwa na fedha za mavuno ya ufuta, angesoma tarakimu 280 katika kasha moja na 600 katika jingine, akajua mwenyewe tofauti ya bei imetokana na nini. Na mwenye PlayStation 4 ya mwaka 2013 angejua kwamba mashine yake haina deni tena, na kwamba fedha yake ya sasa yapasa iende kwenye kioo.